Mashamba Tisa Juu ya Kichuguu

7 Juni, Ijumaa

Sijapata kumwambia mtu yeyote jambo hili, kwa hiyo naliandika: mimi nalitaka shamba. Nalitaka hili letu la Kiwangwa, lenye mananasi juu, mihogo pembeni na mikorosho ya babu mpakani. Hapa kijijini kila mtu anajua kwamba Najma ni wa vitabu. Nikipita na begi langu husema, "Huyo ataondoka." Baba naye husema hivyo, tena kwa fahari. Mimi hutabasamu, kwa sababu kujibu ni kufungua kinywa mbele za watu, na hilo siliwezi.

Leo baada ya sala ya Ijumaa alikuja kijana wa kampuni, jina lake Farhan. Ana shahada ya kilimo na anasalimia wazee kwa kuinama. Alieleza kwamba ziko kompyuta kubwa katika nchi nyingine, zimeunganishwa pamoja, zinapokea picha za satelaiti, vipimo vya mvua na bei za masoko. Mkulima hahitaji kompyuta, anahitaji simu tu. Shamba likishasajiliwa, kule huko wanalipigia hesabu, kisha ujumbe unakuja: mimina dawa ya kuufanya mche utoe ua siku fulani, kata siku fulani, mnunuzi atafika siku fulani. Vyote hivyo vinakaa kwenye wingu, alisema.

"Wingu gani hilo lisilonyesha?" aliuliza Bi Mwanabaraka, jirani yetu mjane. Watu wakacheka. Farhan naye alicheka, kwa adabu, kama mtu aliyeusikia mzaha huo kila kijiji alichopita.

Alipouliza nani atashika simu ya kikundi, Baba alinyanyua mkono wangu mimi. "Binti yangu yuko kidato cha tatu." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Farhan aliponikabidhi simu, nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Nani analipia?"

"Kwenu ni bure kabisa," alisema.

Sikuuliza hivyo. Nilichukua simu.

8 Juni

Nimesajili mashamba yote tisa ya kikundi. Nilianza na letu. Nilisimama katikati ya mananasi, nikajaza kila kitu, kiduara kikazunguka na kuzunguka, mwisho ikaandika kwamba hakuna mtandao. Ndivyo ilivyo huku. Mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kile kichuguu nyuma ya nyumba ya Mzee Abdulrazak, mwenyekiti wetu. Hapo ndipo watu hupanda wakitaka kuzungumza na watoto wao walioko Dar.

Basi nikawaita mmoja mmoja kwenye kichuguu. Mzee Abdulrazak alivaa kanzu ya Idi akidhani atapigwa picha. Bi Mwanabaraka, ambaye huniita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu, alipanda huku akinikamata bega.

"Nishike vizuri, mke mwenzangu. Nikivunjika kiuno nani ataniuguza? Mume wetu mwenyewe alishakufa."

Simu iliuliza kwa kila mtu: Uko shambani sasa? Nilibonyeza Ndiyo. Kutoka juu ya kichuguu mashamba yote tisa yanaonekana, la Bi Mwanabaraka bondeni na letu kilimani. Niliona inatosha.

13 Juni

Ujumbe umefika. Wote tisa tumepewa siku moja ya kumimina dawa: tarehe 18, siku ya pili ya Idi.

Miaka yote tumemimina kwa zamu. Kikundi kina pipa moja, kwa hiyo linatoka nyumba hii linakwenda nyumba ile, wiki hadi wiki, na kila mwaka watu hununiana kuhusu nani atangulie na nani awe wa mwisho. Baba aliwahi kutosemeshana na Mzee Abdulrazak kuanzia Rajabu mpaka Ramadhani kwa sababu ya pipa. Leo Mzee alisoma ujumbe mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akasema, "Alhamdulillah. Safari hii hakuna wa mwisho."

Kampuni italeta mapipa ya kuazima. Watu walinipa mkono, hata wale ambao hunisalimu kwa mbali tu.

18 Juni

Alfajiri kijiji kizima kilikuwa mashambani. Sijawahi kuona vile. Kila mtu na kopo lake, anainama, anamimina katika moyo wa mche, anakwenda mche wa pili. Watu waliitana kutoka shamba hadi shamba kama wako harusini.

Tulipomaliza kwetu nilikwenda kumsaidia Bi Mwanabaraka. Miche yake ni ya mwaka jana mwishoni, bado midogo, majani hayajanifika gotini. Ukiulazimisha mche mdogo kutoa ua, unatoa tunda dogo. Hilo nimelisoma, na hata nisingelisoma ningelijua. Nikawaza kusema.

"Usinisimamie kama askari, mke mwenzangu," alisema. "Mimina. Sitaki kuachwa nyuma na wenye vilima."

Nilimimina. Ujumbe wake ulisema tarehe 18, na ujumbe umetoka mahali panapojua zaidi yangu.

2 Julai

Shule imefunguliwa.

16 Julai

Jotoridi la asubuhi liko chini. Hakuna jipya.

9 Agosti

Mioyo imekuwa myekundu! Shamba zima, siku zilezile, kama mtu aliyewasha taa. Farhan alikuja, akapiga picha, akasema hajaona maua yaliyolingana namna hii. Ameniletea kitabu cha udongo kilichokuwa chake chuoni, chenye mistari ya penseli chini ya maneno. Nimesoma zaidi maneno aliyoyapigia mistari kuliko mengine. Hilo nalo sitamwambia mtu.

23 Agosti

Mambo mawili.

La kwanza: dalali Husseni wa Chalinze alikuja na fuso lake kutazama mananasi, kama kila mwaka. Husseni hupunja, wote wanajua, lakini huja. Huchukua ya huyu wiki hii, ya yule wiki ijayo. Mzee Abdulrazak alimwambia mbele ya watu kwamba mwaka huu tuna mnunuzi wa kwenye simu, asijisumbue.

"Sawa, mzee wangu," alisema Husseni. "Siku simu ikishindwa kubeba matenga, namba yangu unayo."

"Tumeifuta!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka fuso likaondoka.

La pili: niliporudi nilimkuta Baba shambani na mgeni mwenye viatu vya ngozi, wakitembea kando ya mpaka. Mgeni huyo alinunua viwanja Mapinga kabla bei haijapanda, sasa anatafuta huku. Alipoondoka nilijifanya napalilia. Mama ndiye aliyeuliza.

"Mbaruku, yule anataka nini?"

"Anataka upande wa juu. Sijampa jibu. Mananasi yakiuzika vizuri, hana chake hapa. Yasipouzika, ada ya mtoto itatoka wapi?"

Ada ya mtoto. Mtoto ni mimi.

13 Septemba

Nimejua. Naandika polepole ili nisikosee.

Leo kwenye somo la jiografia mwalimu alitufundisha ramani kwa simu yake. Shuleni mtandao una nguvu, kwa hiyo wakati wa mapumziko, kwa ruhusa ya mwalimu, nilifungua ile simu ya kikundi na kutafuta ramani ya mashamba yetu, ambayo kijijini haifunguki. Ikafunguka. Niliona barabara, msikiti, paa la Mzee Abdulrazak. Nilitafuta shamba letu kilimani, hamna kitu. Nikatafuta bondeni, hamna kitu. Nikarudi kwenye paa la Mzee, na nyuma yake kulikuwa na kiduara cha kijani. Nilipokikuza vikawa viduara vingi, kimoja juu ya kingine, kama sahani zilizopangwa kabatini. Tisa.

Mashamba yetu yote yako juu ya kichuguu.

Simu haikuwa inaandika watu. Ilikuwa inaandika mahali nilipokuwa nimesimama. Kule huko wanaamini kwamba Mzee Abdulrazak, Baba, Bi Mwanabaraka na wengine wote wanalima juu ya lundo moja la udongo wa mchwa, udongo mmoja, mteremko mmoja, miche ya umri mmoja. Ndiyo maana tulipewa siku moja. Haikuwa akili yoyote. Ni mimi, niliyebonyeza Ndiyo mara tisa.

Rafiki yangu Samia aliniuliza mbona nimekuwa kama majivu. Nilimwambia tumbo.

Kisha nikafikiri jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Yakitoa ua siku moja, yataiva siku moja. Vijiji vingine viwili vimesajiliwa na Farhan huyuhuyu. Kama na wao wana kichuguu chao, au hata kama hawana, wote tutakata pamoja na kumpelekea mnunuzi mmoja.

Nilimwandikia Farhan ujumbe mrefu, wenye aya. Alijibu kabla ya Adhuhuri: "Ahsante Najma. Umefanya vizuri sana kuliona. Nimelipeleka juu."

Nilisoma "umefanya vizuri sana" mara nyingi kuliko inavyofaa.

22 Septemba

Hakuna jibu.

29 Septemba

Hakuna jibu. Mananasi ya bondeni yameacha kukua.

6 Oktoba

Farhan alikuja. Nilimngoja njiani ili nisizungumze mbele ya watu.

"Itajirekebisha yenyewe," alisema. "Mfumo unajifunza."

"Naomba unifungulie nisajili upya. Nitatembea shamba hadi shamba, kisha nitapanda kichuguu kutuma."

"Dawa ikishamiminwa, usajili unafungwa mpaka msimu ujao."

"Na yakiiva yote wiki moja?"

"Mnunuzi ana magari, Najma." Alitazama saa. "Usiwatie watu hofu. Wakianza kuuza kwa madalali pembeni, mkataba mliotia saini wa kumuuzia mnunuzi wetu peke yake utavunjika na lawama zitakuwa zako."

Sikuwatia watu hofu. Vuli imeanza kwa manyunyu. Kila nyumba ninayopita wanasema, "Karibu, mwenye simu yetu," na mimi naitikia.

27 Oktoba

Mvua.

28 Oktoba

Mvua. Mgeni wa viatu vya ngozi ameagiza apigiwe simu. Baba alipanda kichuguu kuongea naye, na alikaa huko hadi akalowa.

10 Novemba

Nilimpalilia Bi Mwanabaraka. Matunda yake ni kama ngumi ya mtoto. Alichuma moja, akalirusha juu na kulidaka.

"Haya nitayauza dukani, watoto wachezee gololi," alisema. Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Simu inasema yatakua?"

"Haisemi, bibi."

"Iulize."

25 Novemba

Ujumbe: wote kukata tarehe 2 hadi 4 Desemba. Mitihani ya kufunga mwaka imeanza. Kwenye karatasi ya kilimo kulikuwa na swali la faida za teknolojia kwa mkulima mdogo. Niliandika faida tano. Nitapata maksi zote.

5 Desemba

Sijaandika tangu tulipoanza kukata. Sasa naandika yote.

Tarehe 2 tulikata. Tarehe 3 barabara ilikuwa na malundo ya mananasi pande zote mbili, kutoka msikitini hadi njia panda, manjano tupu, na harufu yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walifurahi. Jioni ikaja gari moja. Moja. Karani aliyeshuka alikuwa msichana mwenye kibao cha kuandikia mkononi, hanizidi miaka mingi. Alisema magari mengine yako vijiji vile viwili, ambako nako kumejaa, na kwamba bei mpya imeshatumwa kwenye simu. Nilipanda kichuguu. Ilikuwa imetumwa. Ilikuwa nusu ya ile aliyotutajia Farhan mwezi wa sita.

Mzee Abdulrazak alimwambia yule msichana, kwa upole, "Mwanangu, kwa bei hiyo hata vibarua waliokata hawatapata hela ya mboga."

"Shikamoo, mzee. Mimi sipangi bei. Inatoka kwenye mfumo."

"Huyo mfumo naye namwamkiaje?"

Hakuna aliyecheka. Gari lilijazwa kwa kuchagua. Ya kwetu walichukua kidogo. Ya Bi Mwanabaraka walitazama tenga moja, wakalirudisha chini, na yeye alilifunika kwa khanga kana kwamba wamemwona akiwa uchi.

Tarehe 4 gari halikuja. Mzee Abdulrazak alipanda kichuguu akampigia dalali Husseni. Namba haikuwa imefutwa. Tulimsikia Husseni kwenye spika: yuko Tanga, amepakia machungwa, na hata angekuwa karibu, Kiwangwa nzima imeiva siku moja, atapeleka wapi? Hakutukejeli. Ningependa angetukejeli.

Leo malundo yameanza kutoa maji. Nyuki na nzi wamejaa. Ile harufu nzuri imegeuka kuwa ya pombe, imeingia ndani ya nyumba, ndani ya shuka, na ndani ya vitabu vyangu. Watoto wamekula mpaka midomo yao imechubuka. Mbuzi wenyewe wamechoka.

7 Desemba

Farhan amekuja kuchukua simu. Alinikuta peke yangu barazani. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumwonea huruma, nikashangaa kuona kwamba sikumwonea.

"Ule ujumbe wangu wa mwezi wa tisa," nilisema. "Uliupeleka kweli?"

"Niliupeleka siku ileile. Wallahi."

"Wakasemaje?"

Alijibu, "Walisema jumla ya tani haibadiliki. Mashamba yawe pale au yawe kwingine, mzigo ni uleule. Kwa hiyo hakuna haja ya kurekebisha."

"Haja ya nani?"

"Ya mnunuzi. Najma, mnunuzi ndiye anayelipia huduma. Wewe ulidhani nani?"

Mwezi wa sita nilikuwa nimemuuliza. Alikuwa na jibu tangu siku ile, naye ndiye aliyewaambia watu wangu kwamba ni bure. Kwa picha za Farhan mnunuzi alijua tangu Agosti kwamba tutaiva siku moja, na kwa mkataba alijua kwamba Husseni hana nafasi tena kwetu. Alichotakiwa kufanya ni kungoja.

Farhan amehamishiwa Kilombero, kwenye mpunga. Nilimpa simu. Nikampa na kitabu cha udongo. Alisema nibaki nacho. Nilikiweka juu ya kiti cha pikipiki yake nikaingia ndani.

8 Desemba

Nimekwenda nyumba kwa nyumba, zote nane, kueleza juu ya kichuguu na kile kitufe cha Ndiyo. Nilisema kwa sauti, mbele ya kila aliyekuwepo. Mzee Abdulrazak alisema, "Sote tulipanda, mwanangu, hakuna aliyeburutwa." Wengine walinisikiliza wakiwa wamenigeuzia bega. Mmoja aliuliza kama kampuni ilinilipa.

Bi Mwanabaraka nilimweka wa mwisho. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza yote.

"Ulijua mwezi wa tisa," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Nikakuuliza mwezi wa kumi na moja kama yatakua."

"Ndiyo."

Alipuliza pumba. "Haya. Ahsante kwa kuja, mwalimu."

Hajapata kuniita hivyo. Akarudi kwenye mchele wake.

12 Desemba

Baba ameuza upande wa juu. Alituambia baada ya chakula, akiwa amevaa koti, kama mtu anayetangaza msiba.

"Nimefanya kwa ajili yako," aliniambia. "Utasoma mpaka mwisho. Hutahangaika na jembe kama sisi."

Nikasema. Miaka yote sikusema, nikasema leo. "Baba, mimi nalitaka shamba. Nilitaka nisome kilimo nirudi hapa. Sikutaka kwenda popote."

Mama aliacha kuosha vyombo. Baba alinitazama muda mrefu, kama mtu anayeona jina lake limeandikwa vibaya.

"Hukuwahi kusema," alisema.

"Hukuwahi kuniuliza."

"Ningekuulizaje, Najma? Kila nikikuona uko kitabuni."

Akavua koti, akalikunja, akatoka nje. Sikumfuata. Amepokea hela ya watu, bikoni za mpaka zinawekwa Jumatatu.

14 Desemba, Jumamosi

Baada ya sala ya Alfajiri nilichukua jembe na magunia mawili nikaenda upande wa juu. Aliyenunua anataka ardhi, hataki miche, ataleta trekta kuifyeka. Nilimuuliza Baba kama naweza kuchukua machipukizi, akaitikia kwa kichwa.

Niliyang'oa kwenye mashina yaliyokwisha kuvunwa, manene tu, nikapunguza majani, nikajaza magunia. Nikajitwisha la kwanza nikashuka nalo bondeni. Bi Mwanabaraka alikuwa mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nilimwambia ni machipukizi ya juu, yameshiba, na kwamba nitampandia kwenye nafasi ambazo miche yake imekufa. Hakukubali wala hakukataa. Niliingia shambani mwake nikachimba, nikapanda mstari mmoja kuanzia kwenye mfereji hadi kwenye mpaka, nikashindilia udongo kwa kisigino.

Nilipofika nusu ya mstari wa pili alitoka na kopo la maji, akaliweka juu ya kisiki, akarudi ndani.

Nilikunywa. Nikamaliza mstari, nikakung'uta gunia, nikapanda kilimani kufuata mzigo mwingine.